PRONASIO: Maana ya Neno Hili, na Namna Mukono Unavyogeuka



Weka mukono wako wa kuume juu ya goti, kiganja kikiangalia juu, kama mutu anayengoja kupewa chumvi. Sasa ugeuze mukono polepole, hata kiganja kiangalie chini, kama mutu anayefunika chungu. Tendo hili dogo ulilofanya lina jina. Wanganga wanaliita pronasio. Ukigeuza tena hata kiganja kiangalie juu, umefanya supinasio.

Maneno haya mawili yanatoka katika Kilatini. Katika lugha ile, pronus ni mutu aliyeinama mbele au aliyelala kifudifudi, na supinus ni mutu aliyelala chali. Basi kiganja cha kupokea kimelala chali, na kiganja cha kufunika kimelala kifudifudi. Ukishika mufano huu, hutasahau neno lolote kati ya haya mawili.

Neno pronasio linasikiwa pahali pawili. Wanaojifunza kazi za mwili wa mutu wanalitumia, na walimu wa muchezo wa tenisi wanalitumia vilevile. Labda utasema: «Mimi si munganga, wala sijashika raketi ya tenisi hata siku moja. Neno hili lina faida gani kwangu?» Faida iko. Mama anayeinua mutoto kwa kumuvuta mukono, mwanamuke anayekamua nguo mutoni, mutu aliyeanguka toka muti wa ngazi: hawa wote wanaweza kupoteza nguvu ya mukono kwa sababu hawajui pahali unapogeukia. Soma basi, ujue.

1. MUKONO UNAGEUKIA WAPI?

Watu wengi wakiulizwa, wanajibu: «Unageukia kwenye kifundo, karibu na kiganja.» Sivyo. Jaribu mwenyewe. Shika mukono wako wa kuume kwa mukono wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, ukaze sana usigeuke. Sasa jaribu kugeuza kiganja. Kitageuka kidogo tu. Achilia, ujaribu tena. Sasa kinageuka chote. Ni nini kilichokuwa kimefungwa? Si kifundo. Umefunga sehemu iliyo kati ya kifundo na kiwiko, nasi tutaiita mukono wa mbele.

Ndani ya mukono wa mbele kuna mifupa miwili. Mumoja uko upande wa kidole kidogo, nao unaitwa kubitusi. Ncha yake ya juu ndiyo ile fundo ngumu ya kiwiko unayoegemea mezani. Wa pili uko upande wa kidole gumba, nao unaitwa radiusi. Kiganja kikiangalia juu, mifupa hii inalala sambamba, kama fito mbili za ukuta. Kiganja kikigeuka chini, kubitusi inakaa pahali pake karibu bila kutikisika, lakini radiusi inapita juu yake na kuikingama, kama makasi yanayofunguliwa.

Mulango unazunguka nguzo yake. Ndivyo radiusi inavyozunguka kubitusi. Na kiganja kimefungwa zaidi kwa radiusi. Kwa hiyo radiusi ikienda, kiganja kinafuata.

Ncha ya juu ya radiusi, karibu na kiwiko, ni ya muviringo, na inazunguka ndani ya kamba ya mwili iliyoizingira kama pete. Kumbuka pete hii. Tutairudia tukisema habari za watoto.

Mukono muzima unageuka kadiri gani? Kunja kiwiko, ukibane kwenye mbavu, kidole gumba kikiangalia juu. Toka hapo mutu muzima anaweza kugeuza kiganja chini kwa digri karibu 80, na kukigeuza juu kwa kadiri ile au kupita kidogo. Ukijumlisha, ni karibu nusu ya duara. Kazi nyingi za kila siku zinahitaji digri karibu 50 kila upande.

Misuli miwili hasa inavuta mukono katika pronasio: mumoja uko karibu na kiwiko, mwingine karibu na kifundo. Kwa supinasio kuna musuli mumoja wa ndani, na tena ule musuli mukubwa wa mbele ya mukono wa juu, ambao vijana wanapenda kuuonyesha. Uguse: kunja kiwiko, weka kiganja cha kushoto juu ya musuli ule, kisha ugeuze kiganja cha kuume juu kwa nguvu. Utausikia unainuka. Ndiyo sababu mutu anayetumia mukono wa kuume anaona ni rahisi zaidi kukaza vise kuliko kuifungua.

2. NENO HILI KATIKA TENISI

Tenisi ni muchezo wa watu wawili au wanne. Wanasimama pande mbili za wavu na kupigiana mupira mudogo kwa raketi. Anayeanza anarusha mupira juu ya kichwa chake na kuupiga upite wavu. Pigo hili la kwanza linaitwa servisi, na hapo ndipo walimu wanaposema sana neno pronasio.

Muchezaji anayejua anapeleka raketi juu na ukingo wake mbele, kama mutu anayetaka kukata tawi kwa panga. Karibu na kugusa mupira, mukono unageuka, na nyuzi za raketi zinakutana na mupira uso kwa uso. Nyuma ya pigo mukono unaendelea kugeuka, hata kiganja kinaangalia inje na kidole gumba kinaelekea chini. Wanaoanza wanafikiri ya kuwa nguvu inatoka katika kupepesa kifundo, na wengine wanakiumiza kwa kufanya hivyo.

Wataalamu waliopima pigo hili waliona ya kuwa mbio kubwa ya raketi inatoka zaidi katika bega, kwa sababu mukono wa juu wote unazunguka kuelekea ndani. Pronasio inasaidia, na kazi yake kubwa ni kuweka uso wa raketi sawasawa. Kwa hiyo mwalimu wa tenisi akisema «pronasio», mara nyingi anataja bega na mukono wa mbele pamoja. Munganga akisema neno lile lile, anataja mukono wa mbele peke yake.

Tofauti hii unaweza kuiona. Nyosha mukono wote mbele yako, ugeuze kiganja chini, kisha uendelee kugeuza hata kiangalie inje. Bega linazunguka pamoja nao. Sasa kunja kiwiko, ukibane kwenye mbavu, ugeuze tena. Bega limetulia, mukono wa mbele unafanya kazi peke yake. Ndiyo sababu munganga anayepima mukono wako anakuambia kwanza kubana kiwiko.

3. MAUMIVU YANAYOITWA «KIWIKO CHA TENISI»

Mwaka 1873 munganga wa Ujeremani jina lake Runge aliandika habari za maumivu ya inje ya kiwiko. Alikuwa akieleza ugonjwa wa mikono ya waandishi. Katika miaka ile tenisi ya kuchezwa kwenye majani ilianza kuenea Uingereza, na mashindano ya kwanza ya Wimbledon yalifanyika mwaka 1877. Mwaka 1883 maumivu yale yaliandikwa katika gazeti la wanganga wa Uingereza kwa jina la kiwiko cha tenisi. Jina lile limekaa hata leo, ijapokuwa wengi wanaougua hawajacheza tenisi kamwe.

Gusa fundo ya inje ya kiwiko chako. Hapo zimefungwa kano za misuli inayoinua kiganja. Kiganja kikilala kifudifudi na kushika kitu kizito, misuli ile inabeba muzigo wote. Kama tendo hili linarudiwa mara nyingi kila siku, kano zinachoka na kuharibika mahali zinaposhika mufupa. Mwanamuke anayekamua nguo, fundi anayepiga misumari, mukulima mwenye panga, mutu anayetwanga sombe katika kinu: kazi zao zinafanana na kazi ya muchezaji wa tenisi. Ugonjwa huu unaonekana zaidi kwa watu wa miaka 35 hata 55, katika mukono wanaoutumia sana.

Alama zake ni hizi. Maumivu yako inje ya kiwiko, nayo pengine yanashuka hata kifundo. Yanazidi ukishika ndoo, ukikamua nguo, au ukiinua sufuria na kiganja kikiangalia chini. Kiwiko hakivimbi sana, wala hakuna homa. Kama kuna homa, au kiwiko kimevimba na kuwa moto, huu ni ugonjwa mwingine. Uende hospitali upesi.

Ufanye nini?

Kwanza, usiache kazi yote, lakini badili namna ya kushika. Inua vitu na kiganja kikiangalia juu, karibu na mwili, na ukitumia mikono miwili. Ukikamua nguo nzito, pitisha nguo kwenye nguzo na kuizungusha, au mutu wa pili ashike upande mumoja.

Pili, fundisha kano nguvu tena. Keti karibu na meza. Lalisha mukono wa mbele juu ya meza, kiganja kikiangalia chini na kikitokea inje ya ukingo, kikishika chupa ya maji ya nusu lita. Inua kiganja kwa kusaidiwa na mukono wa pili. Kisha ondoa musaada, ukishushe polepole ukihesabu hata 5. Fanya hivi mara 15, upumzike, na kurudia hata mafungu 3 kila siku. Maumivu kidogo si kitu. Lakini kama asubuhi yanakuwa makali kuliko jana, punguza maji katika chupa. Endelea juma nyingi. Kano haiponi kwa siku tatu.

Tatu, usiikimbilie sindano. Kuna sindano ya dawa inayoitwa kortizoni. Inaondoa maumivu kwa majuma machache, na mutu anafurahi. Lakini wagonjwa walipoangaliwa nyuma ya mwaka mumoja, waliopigwa sindano ile walikuwa katika hali mubaya kuliko wasiopigwa.

Ine, usikubali kuchanjwa kwa wembe na kupakwa dawa ndani ya vidonda. Kano iliyochoka haina damu mubaya ya kutolewa. Lakini wembe uliotumiwa kwa mutu mwingine unaweza kuleta SIDA na ugonjwa wa ini, na kidonda kichafu kinaweza kuleta tetanosi. Utakuwa umekuja na maumivu ya kiwiko na kurudi na ugonjwa wa kuua.

Usikate tamaa. Wengi wanaougua kiwiko cha tenisi wanapona katika mwaka mumoja, hata bila kupasuliwa.

4. MUTOTO ALIYEVUTWA MUKONO

Sasa kumbuka ile pete inayozingira kichwa cha radiusi. Kwa mutu mukubwa pete hii ina nguvu. Kwa mutoto mudogo, hasa wa mwaka 1 hata 4, bado ni laini. Mutoto akivutwa kwa kiganja, mukono ukiwa umenyoshwa na kiganja kikiangalia chini, ule mufupa unaponyoka kidogo, na pete inaingia katikati ya mifupa na kubanwa.

Hivi ndivyo inavyotokea. Mama anavuka barabara, mutoto anajikwaa, mama anamuinua upesi kwa mukono mumoja. Au kaka anamushika mikono yote miwili na kumuzungusha hewani ili acheke. Au mutoto anakataa kwenda, na mukubwa wake anamuvuta kwa nguvu. Mutoto analia, kisha ananyamaza, lakini mukono hautumii tena. Unaning'inia karibu na mwili, umekunjika kidogo, kiganja kikigeukia chini. Ukimupa ndizi, anaipokea kwa mukono wa pili. Wazazi wengine wanasema amerogwa, au mukono umekufa. Hapana. Pete imebanwa, ni hivyo tu.

Umupeleke kwa munganga au muuguzi siku ile ile. Yeye atauliza namna ilivyotokea, atagusa mifupa yote ya mukono, kisha atashika kiwiko na kugeuza mukono wa mbele mara moja. Kuna namna mbili za kuurudisha. Moja ni kugeuza kiganja juu na kukunja kiwiko. Nyingine ni kugeuza kiganja chini zaidi, ni kusema pronasio yenyewe, nayo mara nyingi inafaulu katika kujaribu kwa kwanza. Mutoto analia kidogo, kilio kinaisha, na mara nyingi nyuma ya dakika chache anaanza kucheza kwa mukono ule.

Lakini ninyi wazazi, musijaribu kumugeuza nyumbani. Kama mutoto ameanguka, au mukono umevimba, au umepindika, labda mufupa umevunjika. Mukono uliovunjika ukigeuzwa, unaharibika zaidi.

Dawa iliyo bora ni kuzuia. Inua mutoto kwa kumushika makwapani. Musimuzungushe kwa viganja. Wafundisheni vilevile watoto wakubwa wanaolea wadogo wao, kwa maana mara nyingi ni wao wanaowabeba.

5. MIFUPA MIWILI IKIVUNJIKA

Mutu akianguka na kujikinga kwa mukono, radiusi na kubitusi zinaweza kuvunjika pamoja. Hapo unaona kwa nini ni lazima kujua pronasio. Muguu ukiungana ukipindika kidogo, mutu anaweza bado kutembea. Lakini mukono wa mbele ni tofauti. Mufupa mumoja unapaswa kupita juu ya mwingine. Kama imeungana imepindika, au imeshikamana yenyewe kwa yenyewe, haiwezi tena kukingamana. Maumivu yamekwisha, kidonda kimefunga, lakini mukono haugeuki. Mutu hawezi kupokea kwa kiganja, wala kunawa uso vizuri. Aliyepoteza pronasio anaweza kujisaidia kidogo kwa kuinua bega na kiwiko. Aliyepoteza supinasio, bega haliwezi kumusaidia sana.

Basi ukiona mutu amevunjika mukono, fanya hivi:

Usiuvute, wala usiukande. Tafuta mbao mbili nyembamba au karatasi ngumu, uzifunike kwa kitambaa laini. Zipite kiwiko na kifundo, maana sehemu iliyovunjika haitulii kama viungo vya pande zote mbili vinatikisika. Weka mukono kidole gumba kikiangalia juu, kama mutu anayeshika kikombe. Lakini kama hauendi hapo kwa urahisi, uufunge kama ulivyo. Funga kwa kitambaa, lakini si kwa nguvu. Utundike mukono shingoni kwa kitenge. Kama mufupa umetokea inje au kuna kidonda, funika kwa kitambaa safi, usitie majani wala udongo, uende hospitali mara moja.

Kisha angalia vidole, njiani na tena baadaye. Finya ukucha hata uwe mweupe, achilia. Wekundu urudi kwa sekunde 2 hivi. Kama vidole ni baridi, au vimekufa ganzi, au maumivu yanazidi sana wakati unaponyosha vidole, musikawie. Fungueni vifungo vyote na kukimbilia hospitali, hata kama ni usiku. Misuli iliyonyimwa damu inaanza kufa kwa saa chache, haingoji asubuhi. Kuna watu waliofungwa miti kwa kukazwa sana, wakavumilia maumivu kwa sababu waliambiwa ya kuwa dawa inafanya kazi, na nyuma yake mukono ukakatwa. Anayejua kuunganisha mifupa kijijini ajue alama hizi. Akiziona, afungue na kumutuma mugonjwa mbele.

Hospitalini watapiga picha ya mifupa. Mara nyingi mutoto anafungwa platri tu. Mutu mukubwa, kama mifupa yote miwili imevunjika, mara nyingi anahitaji kupasuliwa na kutiwa vibao vya chuma, ili mifupa iungane sawasawa na kuweza kugeuka. Jamaa wakiogopa kisu, wamuulize munganga swali hili: «Bila kupasuliwa, mukono utageuka tena?»

Mifupa ikiisha kuungana, na munganga akitoa ruhusa, kazi inabaki. Bana kiwiko kwenye mbavu, shika nyundo kwa ncha ya mupini, uigeuze polepole, kiganja juu, kiganja chini, mara 10, asubuhi na jioni. Mukono usiofanyishwa kazi unakauka kama ngozi iliyoachwa juani.

MAULIZO YA KUKUMBUKA

1. Kiganja kikilala kifudifudi, tendo lile linaitwaje? Na kikilala chali?
2. Ni mufupa gani unaozunguka, na ni gani unaokaa pahali pake?
3. Mwalimu wa tenisi na munganga wanatofautiana namna gani wakisema pronasio?
4. Kwa nini wembe si dawa ya kiwiko cha tenisi?
5. Mutoto wa miaka 2 ainuliwe kwa kushikwa wapi?
6. Umefunga mukono uliovunjika, na vidole vimekuwa baridi. Utafanya nini, na kwa haraka gani?

Kama huwezi kujibu ulizo la 6, rudia kusoma fungu la 5, kisha umusomee jirani yako asiyejua kusoma.